Namba za EPR za Ujerumani na Ufaransa: kinachoisha kila mwaka ni nini hasa?

Swali: "Habari kaka. Niko Uholanzi, nauza vikapu vya ukili, nguo za kitenge na taa za kikapu ninazoagiza kutoka nyumbani. Wateja wangu wengi wako Ujerumani na Ufaransa, nauzia kwenye soko kubwa la mtandaoni na kwenye tovuti yangu ndogo. Juzi soko limeniandikia kwamba usajili wangu wa EPR unatakiwa kuhuishwa, la sivyo bidhaa zinaondolewa. Kuna wakala anataka euro 480 kila mwaka anifanyie yote. Hizi namba zinaisha kweli? Nianzie wapi?"

Nzuri dada. Huyo wakala mwambie asubiri kwanza, maana sehemu kubwa ya anachotaka kukuuzia unaweza kuifanya mwenyewe jioni moja, na kuna kipande kimoja ambacho kisheria hata haruhusiwi kukufanyia. Nitakuonyesha ni kipi.

Kwa wasiojua, EPR ni wajibu wa mzalishaji kugharamia urejelezaji wa bidhaa na vifungashio vyake. Tuanze na hilo la kuisha. Namba ya LUCID, yani rejista ya vifungashio ya Ujerumani, haina tarehe ya kuisha, na ya Ufaransa nayo inabaki ileile ilimradi uko hai kwenye mfumo. Fikiria gari: pleti namba haibadiliki kila Januari, ila bima inaisha, na trafiki akikusimamisha anaangalia bima. Huku bima yako ni mkataba na kampuni inayogharamia urejelezaji wa maboksi yako, pamoja na ripoti ya kilo ulizoingiza sokoni. Hivyo viwili ndo vina mwaka. Soko linapokwambia "huisha" mara nyingi lina maana moja kati ya hizi: mkataba wako wa mwaka umekatika, au jina kwenye akaunti yako halifanani na lililoko kwenye rejista, au umeanza kuuza aina mpya ya bidhaa ambayo haina namba kabisa. Mimi kwa ulichoandika nashuku hiyo ya tatu, kwa sababu ya zile taa, tutazifikia.

Alafu ondoa kichwani wazo kwamba "mzalishaji" ni yule bibi anayesuka kikapu. Kwenye sheria hizi mzalishaji ni yule anayeingiza kitu kibiashara kwa mara ya kwanza kwenye soko la nchi husika, kwa hiyo ukifunga boksi Rotterdam likaenda kwa mteja Hamburg, mzalishaji wa lile boksi huko Ujerumani ni wewe. Na ni nchi kwa nchi, yani ulichofanya Ujerumani hakikusaidii chochote Ufaransa, hakuna namba moja ya Ulaya nzima, watu wengi wanapotelea hapo.

Sasa Ujerumani, maana ndo wakali. Sheria yao ya vifungashio, VerpackG, ilianza tarehe 1 Januari 2019, na rejista ya LUCID inaendeshwa na ofisi inayoitwa Zentrale Stelle Verpackungsregister, iko Osnabrück. Tangu 1 Julai 2022 masoko ya mtandaoni yanalazimika kuhakiki namba ya kila muuzaji kabla ya kumruhusu auze, na tangu siku hiyohiyo hata ukitumia ghala la mtu mwingine kufungia mizigo yako, boksi la kusafirishia linahesabika ni la kwako wewe muuzaji, si la mwenye ghala. Na hakuna kiwango cha chini. Huko kwenu Uholanzi mchango wa vifungashio kwa Verpact, shirika la vifungashio la huko, unaanza ukizidi kilo 50,000 kwa mwaka, ndo maana hujawahi kusikia habari hizi hapo unapoishi, lakini Ujerumani boksi moja tu linatosha uwe ndani ya sheria.

Kujisajili LUCID ni bure. Hata senti hawatozi, kwa hiyo ukiona ankara ya "ada ya kuhuisha LUCID" jua haijatoka kwao, weka pembeni. Na hapa ndo kile kipande nilichokwambia: usajili wenyewe wa LUCID unatakiwa ufanywe na wewe muuzaji, sheria imekataza kumpa mtu baki akusajilie. Wakala anaweza kukuelekeza, anaweza kukaa pembeni yako mkijaza pamoja, ila akikwambia "nipe tu jina na anwani nitamaliza mwenyewe" huyo ama hajui kazi yake ama anajua na hajali.

Baada ya namba unatakiwa uwe na mkataba na mmojawapo wa hiyo mifumo ya urejelezaji, iko kadhaa, Der Grüne Punkt, Interseroh+, Landbell, Reclay, BellandVision, Zentek na wengine. Hawa ndo unaowalipa, na bei inategemea aina ya malighafi na kilo. Kwa muuzaji wa saizi yako kwa kawaida tunaongelea makumi ya euro kwa mwaka, si mamia, na wengi wana kikokotoo mtandaoni unaingiza kilo bei inatoka hapohapo. Linganisha mbili tatu, huduma ni ileile, taka zinakusanywa vilevile.

Sasa kilo unazipataje, maana watu wengi wanabuni tu namba alafu zinawasumbua baadae. Chukua mzani wa jikoni, pima kifurushi chako cha kawaida kikiwa kitupu. Tuseme boksi ni gramu 180, karatasi ya kujazia 40, tepu ya karatasi na lebo 5, hiyo ni gramu 225 za karatasi. Mfuko wa plastiki unaovalisha nguo ni gramu 12. Ukituma vifurushi 600 Ujerumani kwa mwaka, karatasi ni kilo 135 na plastiki ni kilo 7.2. Basi, hesabu yote ndo hiyo. Ukiwa na saizi tatu za boksi unapima tatu na unazidisha kila moja kivyake, weka kwenye eksel na picha ya mzani pembeni, siku ukiulizwa unayo. Hesabu Ujerumani peke yake, vya Ufaransa haviingii humo. Na usisahau vile vifungashio vilivyokuja na mzigo kutoka Dar, kama nguo inamfikia mteja ikiwa bado kwenye mfuko iliotoka nao kwa fundi, huo mfuko ni wa kwako. Maboksi yaliyokwishatumika nayo usiyape msamaha kirahisi, kama huwezi kuthibitisha kwamba yalishalipiwa Ujerumani yahesabu upya.

Ukishakuwa na kilo, unaziripoti mara mbili, na hapa ndo wengi wanaanguka. Unauambia mfumo uliosaini nao, alafu unaingia LUCID unaandika kitu kilekile: jina la mfumo, kipindi cha mkataba, aina ya malighafi, na kilo. Vikitofautiana hata kidogo, LUCID inaona, kwa sababu hiyo mifumo nayo inapeleka taarifa zake kulekule na kompyuta inazilinganisha. Mtu amelipia mkataba wa mwaka mpya mwezi Desemba, akafurahi, akasahau kuingia LUCID kuandika, kwenye rekodi anaonekana kama hana mkataba. Au amehama mfumo akabaki na jina la mfumo wa zamani. Nikiambiwa nitaje sababu moja ya "namba yako ina tatizo" kwa wauzaji wadogo, nataja hii.

Mzunguko wenyewe uko hivi: mwanzoni mwa mwaka unatoa makadirio ya kilo za mwaka huo, katikati ukiona mauzo yamepanda sana unarekebisha pande zote mbili, na mwaka ukiisha unaripoti kilo halisi, hiyo wanaiita Jahresabschlussmeldung, utaiona kwenye menyu. Tarehe ya mwisho ya mfumo wako imeandikwa kwenye mkataba, wengine wanataka mapema sana mwanzoni mwa mwaka, ila 15 Mei usiivuke kwa namna yoyote. Ile tamko kubwa la kukaguliwa na mkaguzi wa hesabu haikuhusu, inaanzia karatasi kilo 50,000, kioo kilo 80,000, na plastiki na metali na vya aina hiyo kilo 30,000. Wakala akiitaja kwenye bei yake mcheke tu.

Adhabu? Kutosajiliwa ni faini hadi euro 100,000, na kutokuwa na mkataba wa mfumo hadi euro 200,000. Kwa muuzaji mdogo kinachouma mapema zaidi ni bidhaa kufungiwa, na kingine ni barua ya wakili wa mshindani wako. Rejista ya LUCID iko wazi, mtu yeyote anaweza kutafuta jina lako humo, na Ujerumani washindani wana mazoea ya kuandikiana barua za kisheria zenye bili ndani yake. Tovuti yako ndogo haijajificha, hilo liweke akilini, maana naona umeuliza sana kuhusu soko na hiyo tovuti umeitaja kama kitu cha pembeni.

Haya, taa. Kikapu kikiwa kikapu tu, hesabu ni vifungashio basi. Lakini ukikitia waya, holda na plagi kimeshakuwa kifaa cha umeme, na hapo unaingia sheria nyingine kabisa, ElektroG, na rejista nyingine, stiftung ear. Namba yake inaanza na DE ikifuatiwa na tarakimu nane, usiichanganye na ile ya LUCID, nimeona watu wakibandika moja kwenye kisanduku cha nyingine na mfumo wa soko ukakataa. Masoko yanatakiwa kuhakiki namba hii tangu 1 Julai 2023. Na kwa kuwa huna ofisi Ujerumani, huwezi kujisajili mwenyewe, unatakiwa uwe na mwakilishi aliyeko Ujerumani, hilo linatoka kwenye maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2012/19 yanayomtaka anayeuza kwa mbali kwenda nchi nyingine mwanachama awe na mwakilishi huko. Usajili unafanywa kwa kila chapa na kila aina ya kifaa, kuna ripoti za kila mwezi, na kuna dhamana ya fedha ya kulipia taka endapo biashara yako itafilisika, na hiyo dhamana nayo inahuishwa kila mwaka, ikiisha usajili wako unaweza kufutwa.

Maoni yangu kwenye taa ni ya wazi: kama unauza chache, achana na waya. Uza kivuli kitupu cha taa, kisicho na holda wala plagi, mteja atanunua waya dukani kwake, na wewe umebaki kwenye vifungashio tu. Kama taa ndo zinazokulipia kodi ya nyumba, hapo mwakilishi ni gharama halali, mlipe. Ila kuwa katikati, kuuza taa kumi na mbili kwa mwaka huku unamlipa mwakilishi pamoja na dhamana, hiyo hesabu haitoki hata uipige vipi.

Ufaransa sasa. Sheria yao ni AGEC ya tarehe 10 Februari 2020, na tangu 1 Januari 2022 masoko yanataka namba ya utambulisho ambayo inatolewa na ADEME, taasisi ya serikali yao ya mazingira. Huiombi ADEME moja kwa moja, unajiunga na shirika linalosimamia aina ya bidhaa yako, na hilo ndo linakupatia. Na kila aina ina namba yake: vifungashio vya nyumbani unakwenda Citeo au Léko, nguo na viatu na vitambaa vya nyumbani unakwenda Refashion, umeme unakwenda Ecologic au ecosystem. Namba inaanza na FR, tarakimu sita, mstari wa chini, alafu tarakimu mbili za aina ya bidhaa na herufi za mwisho. Zile mbili za katikati ndo za kuangalia: 01 ni vifungashio vya nyumbani, 05 ni umeme, 11 ni nguo. Kwa hiyo ukipakia namba yenye 01 kwenye kisanduku cha nguo, soko litakurudishia hata kama namba yenyewe ni halali kabisa.

Kwa bidhaa zako maana yake ni hivi. Vifungashio, lazima. Shati na gauni la kitenge, lazima Refashion, na kanga ikiuzwa kama kitambaa cha meza pia imo. Mkoba wa kitenge haumo kwenye nguo, mikoba imeachwa nje. Ukianza kuleta mapazia au mazulia, hayo tangu 2022 yamewekwa pamoja na samani, shirika lake ni jingine. Taa zinahitaji namba ya umeme, pamoja na mwakilishi, kama Ujerumani.

Uhai wa namba za Ufaransa unategemea tamko la kila mwaka. Citeo wanafungua dirisha Januari na kufunga mwisho wa Februari, unatangaza ulichouza mwaka uliopita, na ukiwa chini ya vipande 10,000 tamko ni jepesi sana, malipo ni ya mkupuo. Refashion nao dirisha lao ni mwanzoni mwa mwaka. Ukipitisha hilo dirisha na ukanyamaza, wanaweza kukutoa, na ukitoka kwenye shirika namba inakufa, hata kama bado imeandikwa kwenye invoisi zako. Kuna rejista ya wazi ya ADEME inaitwa SYDEREP, ingia utafute jina lako ujionee mwenyewe kama uko hai, usisubiri soko likuambie.

Jambo wanalolisahau karibu wote wenye tovuti: namba za Ufaransa zinatakiwa zionekane, kwenye masharti yako ya mauzo na kwenye tovuti. Na vifungashio viwe na alama ya Triman, ile ya Ufaransa ya urejelezaji, pamoja na maelekezo ya kutenganisha taka.

Kuna masoko makubwa ambayo Ufaransa, ukiwa huna namba, yanakulipia mchango kisha yanakukata kwenye mauzo. Kama Ufaransa unauza vifurushi vichache tu kupitia soko, mimi sioni ubaya, waache wakate. Lakini malipo hayo hayagusi mauzo ya tovuti yako, hata kifurushi kimoja. Na usitegemee mtindo huo Ujerumani, kule bila namba huuzi, full stop.

Kwenu Uholanzi usijisahau kwenye nguo. Uwajibikaji wa nguo ulianza 1 Julai 2023 na unamgusa anayeingiza nguo mpya kuziuza humo, na wewe unaziingiza kutoka Tanzania, kwa hiyo hata kama maboksi yako hayafiki kiwango cha Verpact, gauni la kitenge unalomuuzia mteja wa Utrecht lina rejista yake. Hiyo ya nguo inakuja kila mahali, Umoja wa Ulaya umepitisha maagizo mwaka 2025 yanayozitaka nchi zote wanachama ziwe nayo ifikapo 2028. Na kwa vifungashio kuna kanuni ya (EU) 2025/40 inayoanza kutumika 12 Agosti 2026, inasogeza nchi zote kwenye mtindo unaofanana zaidi wa rejista, kwa hiyo mkataba wowote wa miaka mitatu ambao wakala anakusukumia saa hizi, kataa. Saini mwaka mmoja mmoja.

Ukitaka kupanuka, Hispania ina rejista yake ya wizara na tamko la vifungashio kabla ya 31 Machi, na Austria inataka mwakilishi mwenye hati iliyothibitishwa na notari, tangu 2023. Usizifungue nchi hizo kwenye akaunti yako kwa bahati mbaya, maana kuna masoko ukibonyeza "uza Ulaya nzima" yanakufungulia zote alafu yanaanza kukudai namba moja moja. Pengine hata huo ujumbe uliopata unahusu nchi ambayo hujui kama unauza, cheki hapo kwanza.

Kuhusu euro 480: mwombe huyo wakala akuandikie kwa nchi na kwa aina ya bidhaa, kila moja na bei yake, na atenganishe kinachokwenda kwa mashirika na kinachobaki kwake. Kwa vifungashio vya Ujerumani na Ufaransa pamoja na Refashion, fanya mwenyewe. Kwa taa, ukiamua kuziendeleza, hapo ndo mlipe mtu, tena awe mwakilishi rasmi aliyeko nchi husika, si mtu wa WhatsApp.

Kabla hujalijibu soko linganisha majina. Kwenye KVK, rejista ya biashara ya Uholanzi, pengine umesajiliwa kwa jina lako kamili, kwenye soko duka lina jina la biashara, LUCID uliandika jina la kati na Citeo hukuliandika. Kwa mashine hao ni watu wanne. Yafanye yote yasomeke kama KVK ilivyoandika, na ndani ya LUCID ongeza chapa unazouzia, ikiwemo ya tovuti. Alafu wajibu kwa ufupi: taja nchi, taja aina ya bidhaa, bandika namba, ambatanisha uthibitisho wa usajili wa LUCID na cheti cha mkataba wa mwaka huu, na kwa Ufaransa barua ya shirika yenye namba. Taa zizime kwa muda kwenye akaunti wakati unaamua, uziondoe wewe kabla hawajaziondoa wao, maana bidhaa uliyoisimamisha mwenyewe unairudisha kwa kubonyeza mara moja, na waliyoifungia wao utaiombea kwa tiketi.

Ukikwama kwenye kile kisanduku cha aina za malighafi cha LUCID nitumie skrini shoti, ila funika namba ya kodi.